Nilivyoipima Hewa ya Ofisi Yetu Mombasa

Nilipochaguliwa kuwa katibu wa kamati ya usalama na afya katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hapa Mombasa karibu na Moi Avenue, jambo la kwanza lililoletwa mezani lilikuwa malalamiko ya kuumwa na kichwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati kama hiyo, na wenzangu waliniomba niitumie kuchunguza hewa tunayoivuta kutwa nzima. Niliikubali kazi hiyo kwa moyo wote, maana hewa ya ofisini kila mtu ana la kusema juu yake, ila wanaoipima ni wachache.

Nilianza na watu kabla ya vipimo. Kila mmoja alipewa karatasi ya kuandika anachokihisi mwilini, saa kilipoanza, meza anayokalia, na kama hali hupungua akishatoka nje. Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa mafua ya kawaida humfuata mtu hadi nyumbani, ilhali maumivu yanayoanza saa nane mchana na kutoweka mtu akifika kivukoni Likoni yanatupa sababu ya kulishuku jengo. Mama mmoja wa kitengo cha hesabu, mkongwe kuliko sote pale ofisini, aliniambia, "Mwanangu, baridi ipo, lakini pumzi haitoshi." Nilipoyapanga majibu juu ya mchoro wa chumba, niliona kwamba wanaoumwa na kichwa ni wale walio mbali na mlango, na wanaokohoa wamezunguka kabati la mafaili lililo ukutani. Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti, na nashukuru sikuyachanganya.

Mama yule alikuwa amesema kweli tupu. Viyoyozi tulivyo navyo, vile vya ukutani vyenye kipande kimoja ndani na kingine nje, haviingizi hewa mpya hata kidogo: huivuta hewa ile ile ya chumbani, huipoza, kisha huirudisha. Kati ya kipande cha ndani na cha nje kinachopita ni gesi ya kupozea tu ndani ya mabomba. Madirisha yetu yalikuwa yamefungwa kwa miaka ili baridi isipotee, na hewa mpya ilikuja hasa pale mlango ulipofunguliwa.

Nilichukua futi kamba nikapima chumba kikuu: mita 9 kwa 5, na kimo cha mita 2.6, yaani mita za ujazo 117, ambazo tulizigawana watu 13. Kila mtu alipata mita 9 za ujazo, na sheria niliyoitaja inadai zisipungue 10. Futi kamba hiyo ilitusaidia sana mbele ya wakubwa kuliko kifaa chochote cha umeme, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuibishia.

Kisha nikaazima kipima cha kaboni dayoksaidi kinachotumia miale ya infraredi. Gesi hii kwa kiwango cha ofisini si sumu. Inapimwa kwa sababu kila mtu huitoa anapopumua, hivyo wingi wake unaonyesha ni kiasi gani cha hewa tunayovuta kimekwisha kupita katika mapafu ya wengine. Mwanasayansi Max von Pettenkofer wa Munich alipendekeza mwaka 1858 kwamba chumba cha watu kisizidi sehemu 1,000 kwa milioni, na kiwango hicho bado kinatumika kama alama ya hewa inayobadilishwa ipasavyo. Kwanza nilikipeleka kipima barazani, upande usio na magari, nikahakikisha kinasoma karibu na 420, ambacho ndicho kiwango cha hewa ya nje siku hizi. Ndani nilikiweka kwenye kimo cha pua ya mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mkondo wa kiyoyozi, wala si mbele ya uso wa mtu yeyote, kwani pumzi moja tu inaweza kuupotosha usomaji. Kabla ya chakula cha mchana kilisoma 2,300.

Kipimo kilichonifundisha zaidi nilikifanya jioni, watu wakishaondoka. Nilifunga mlango, nikatazama gesi ikipungua bila mtu wa kuongeza nyingine. Ziada iliyo juu ya hewa ya nje inaposhuka hadi kama asilimia 37 ya ilivyokuwa, muda uliotumika ndio ambao chumba huchukua kupokea hewa mpya inayolingana na ujazo wake. Ziada yetu ilikuwa 1,900 saa kumi na moja, ikafika 700 saa kumi na mbili na nusu. Ukipiga hesabu, hewa iliyopenya nyufani haifiki lita 2 kwa sekunde kwa kila mfanyakazi, nayo inapaswa kuwa kati ya lita 8 na 10 ili chumba kisiivuke alama ile ya 1,000.

Kwenye kabati la mafaili tatizo lilikuwa unyevu. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 18 na mkondo wake ukielekea ukuta ule. Katika miezi ya joto, hewa ya Mombasa huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 23 hivi, kwa hiyo kila mlango ulipofunguliwa ukuta uliobaridi ulitokwa na jasho nyuma ya kabati. Tulipolisogeza tulikuta ukungu mweusi umetambaa hadi kimo cha kiuno, na migongo ya mafaili ya chini imelainika. Kwa ukungu unaoonekana kwa macho na kunuka, sioni haja ya kulipia maabara. Ondoa unyevu, safisha, na tupa kilichooza.

Kuhusu vumbi laini, yaani chembe zisizozidi mikroni 2.5, Shirika la Afya Duniani lilishusha mapendekezo yake mwaka 2021 hadi wastani wa maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa saa 24. Vipima vya bei nafuu vya chembe hizi hutumia mwanga, na katika unyevu wa pwani huzidisha, kwa kuwa chembe hunywa maji na kuvimba. Kwa hiyo sikuitegemea namba yenyewe, nilifuatilia mabadiliko yake tu. Hata hivyo mabadiliko mengine hayafichiki: asubuhi ya Ijumaa, chetezo cha udi kilipopitishwa mapokezini, usomaji uliruka zaidi ya mara kumi, na kwa kuwa madirisha yalifungwa, ulikawia mno kushuka. Udi ni heshima kwa mgeni, nami sikupendekeza uachwe. Tulikubaliana ufukizwe mapema, madirisha yakiwa wazi, kabla watu hawajaingia.

Suluhisho kuu lilikuwa feni ya kutolea hewa katika ukuta wa mwisho, na matundu ya kuingizia upande wa pili. Hapa nilisisitiza sana, kwa sababu feni huvuta hewa kutoka popote penye upenyo, na nyuma ya jengo kuna jenereta ya jirani inayowashwa umeme unapokatika. Kaboni monoksaidi ya jenereta haina rangi wala harufu na inaua. Matundu yakatobolewa upande wa mbali nayo, tukaongeza king'ora cha gesi hiyo ndani. Wafanyakazi wanne walihamishiwa chumba kilichokuwa stoo, na kiyoyozi kikapandishwa hadi nyuzi 24, maana hewa mpya huja na unyevu wake na haifai kukutana na kuta za barafu. Bili ya umeme ilikuwa hoja ya mkurugenzi. Nyuzi hizo sita zilimpunguzia wasiwasi.

Sasa kipima husoma kati ya 850 na 950 kabla ya chakula cha mchana. Upimaji huo ulifanyika wakati wa kusi, na upepo ukigeuka kuwa kaskazi huenda moshi wa jenereta ukaelekea kwenye matundu yetu. Kwa hiyo nimeomba kupima tena msimu huo, na barua ya kutaka bomba la moshi la jenereta lirefushwe kupita paa tayari iko kwa mwenye jengo.