Siku ya Yoshua na habari niliyoisambaza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Neno lililonikaba ni Ayubu 13:7, pale Ayubu anapowauliza rafiki zake kama watasema uongo kwa ajili ya Mungu. Siku zote nilidhani swali hilo ni la akina Elifazi. Jumanne likanigeukia mimi.

Nilikuwa nimetuma kwenye grupu letu la sala ile habari kwamba kompyuta za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, zikipiga hesabu za jua na mwezi kurudi nyuma, zilikuta siku moja imepungua, nayo ni ile ya Yoshua 10, jua liliposimama juu ya Gibeoni. Amina zikamiminika. Binti yangu wa kidato cha nne akaisoma, akaniuliza taratibu: "Baba, kompyuta ilijuaje kwamba imepungua?" Akanieleza kuwa hesabu hiyo huanzia pale jua na mwezi vilipo leo. Ili uione siku iliyopotea, lazima uwe na kumbukumbu nyingine, ya kabla ya Yoshua, ya kulinganisha nayo. Kompyuta haina. Na NASA walishaikana habari hiyo zamani. Imezunguka makanisani tangu miaka ya 1970, kabla ya simu hizi.

Nikamjibu kwa ukali, "Unabishana na Biblia?" Akanyamaza. Jioni ile, kwenye sala ya nyumbani, hakuchagua wimbo.

Wapendwa, hakubishana na Biblia. Alibishana na mimi. Yoshua 10 yeye anaiamini. Aliyetaka ipigwe muhuri na Wamarekani ndipo atulie ni mimi baba yake. Waebrania 11:1 inasema imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana. Mimi nilikuwa natafuta bayana nyingine, na nilipoiokota sikuuliza imetoka wapi.

Alikuwapo padre Mbelgiji, Georges Lemaître, aliyekuwa pia mwanasayansi. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu unapanuka, na 1931 akasema ulianzia kwenye kitu kimoja kilichosongamana mno, wazo ambalo leo wanafunzi wanalijua kama Mlipuko Mkuu. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliizungumzia sayansi hiyo kana kwamba inathibitisha uumbaji. Lemaître hakufurahi. Nadharia yake aliitaka ipimwe kwa vipimo vya nyota, isimame au ianguke huko huko, wala imani isifungwe humo. Na upadre wake hakuuacha. Mimi ni Mlutheri, lakini padre huyu amenionya kuliko mahubiri mengi.

Wazazi, wazee wa kanisa, nanyi walezi wa vijana, niseme wazi. Tunawalea watoto wetu waone kwamba Mungu wa kweli hutetewa kwa habari za uongo. Leo ni siku ya Yoshua, kesho ni habari kwamba magurudumu ya magari ya Farao yameonekana chini ya bahari, na anayeuliza tunamwita mwasi. Siku atakapogundua kwamba hayo hayakuwa kweli, atakumbuka kuwa mdomo uliomwambia hayo ndio uliomwambia kaburi li wazi. Tutamjibu nini? Paulo aliogopa jambo hilo hilo, kuonekana shahidi wa uongo wa Mungu. Kwa hiyo katika 1 Wakorintho 15 akawataja waliomwona Bwana, zaidi ya ndugu mia tano, akasema wengi wao wangali hai. Yaani nendeni mkawaulize. Yeye hakuwakaripia waulizaji; sisi tunapata wapi ujasiri huo?

Alhamisi nilirudi kwenye grupu, nikaandika kwamba habari ile si ya kweli na niliituma bila kuuliza. Ilikuwa vigumu. Binti yangu nilimwomba msamaha mbele ya mama yake.

Jana jioni alichagua wimbo. Kabla hatujaimba akaniuliza umri wa nyota unapimwaje. Nikamwambia sijui, amuulize mwalimu wake wa fizikia, kisha aje anifundishe. Jumatatu nitamsubiri.