Safu ya chini ya kalenda

Nilianza kwa kuona nzi. Vidoa vyeusi vinaelea, nikigeuza jicho navyo vinafuata. Nikasema ni vumbi la bodaboda, nikanunua dawa ya matone. Jicho haliumi, si jekundu, nani ana haraka?

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha ARV karibu miaka miwili. Nilihama kikazi, nikaona haya kufungua faili CTC, kliniki ya wenye VVU, ya mtaani. Nilipopimwa, CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zilikuwa 31. Daktari wa macho akanimulika, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ni saitomegalo: kirusi ambacho wengi wetu tunacho mwilini kimelala, CD4 zikishuka chini ya 50 kinaamka na kuila retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Nikachomwa gansikloviri, dawa ya kukizuia kirusi hicho, ndani ya jicho. (Kuisikia kunatisha kuliko sindano yenyewe; ukishatiwa ganzi unahisi kugandamizwa tu.) Baada ya wiki mbili nikarudi kwenye ARV. Kirusi kikatulia, nami nikajua yamekwisha. Kumbe kilipopita, retina ilibaki nyembamba kama ganda la kitunguu, ina vitundu. Majimaji yakipenya humo inabanduka, kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

Daktari alishanielekeza: kila asubuhi ziba jicho moja, kisha jingine, utazame kitu kilekile. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani. Jumanne moja, kwa jicho la kushoto, safu ya chini ya tarehe haikuwepo. Sikunywa hata chai, nikapanda daladala kwenda hospitali. Nilipofika, kivuli kilikuwa kimepanda safu mbili.

Walinifanyia upasuaji, wakatoa ute wa ndani na kujaza mafuta ya silikoni yaikandamize retina mahali pake. Mimi nikaachiwa kazi ya kulala kifudifudi siku saba, paji la uso juu ya ngata ya khanga, uji nanywa kwa mrija. Mdogo wangu wa kike akipita ananicheka: "Kaka, hata Ramadhani hukusujudu hivi!" Shingo ilinitesa kuliko jicho.

Sasa CD4 ni 214. Jicho la kulia zima. La kushoto, kwa yale mafuta, linataka miwani ya plasi, ile ya lenzi nene katikati. Kalenda mpya nimeitundika palepale. Nikiziba la kulia, safu ya chini naiona ipo, ila tarehe sizisomi.