Mwaka niliotaka kwenda Los Angeles na mswada

Mwaka 2018 nilikuwa na mswada wa kitabu cha watoto wa miaka tisa kumi hivi, kisa cha kijana wa kijiji cha Matondoni anayefunzwa na babake kuunda mashua, na kila aliyeusoma hapa Amu, yaani Lamu, alisema ni mzuri lakini hao wote ni jamaa zangu jamani, wangesema nini.

Nikaanza kutafuta kongamano la waandishi. Usiku, maana bando la usiku ndilo la bei nafuu. La kwanza kunivutia ni la SCBWI, chama cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto kilichoanzishwa Los Angeles 1971, kiangazi walikuwa wakikutana kulekule, wahariri wapo, maejenti wa kuwatafutia waandishi wachapishaji wapo, na ukiongeza pesa mtu anasoma kurasa zako chache halafu anakaa na wewe akwambie ukweli. Nilipagawa. Nikamfanyia mjomba hesabu barazani: viza peke yake dola 160 na ukinyimwa hairudi, bado tikiti, bado pa kulala, bado kiingilio. Yeye anamenya chungwa tu. Mwisho akauliza, "Mwanangu, na huyo atakayekusomea huko, Kiswahili yuakijua?"

Nikanyamaza, kisha nikakasirika, kisha nikaifuta hesabu yote.

Baadaye nikasoma kuhusu Bologna kule Italia, maonyesho makubwa kabisa ya vitabu vya watoto tangu 1964, lakini yale ni soko la haki za kuchapisha, wachapishaji wanauziana vitabu wao kwa wao, mchoraji angalau ana ukuta wa kubandika kazi yake, mwenye mswada mkononi kama mimi angebaki kuzungukazunguka. Halafu kulikuwa na wokshopu moja Malindi, karibu, rahisi, nikampigia aliyeipanga nikamuuliza ni mhariri gani atakuja, akanijibu habari za cheti na chakula cha mchana. Nikauliza tena. Cheti tena! Siku hizo ndipo nilipoamua swali langu ni moja tu, nani atakuwa upande wa pili wa meza na anachapisha nini, mengine yote mapambo.

Kwa hiyo ikawa maonyesho ya vitabu ya Nairobi, Sarit Centre, Septemba. Sio kongamano la waandishi hata, ni vibanda vya wachapishaji na watoto wa shule na sare zao wanasukumana, ila wachapishaji wa Kiswahili wote wako chini ya paa moja. Boti hadi Mokowe, kisha basi, na eskoti ya polisi kama ilivyokuwa kawaida siku hizo.

Kibanda cha tatu au cha nne nikampata mama mmoja mhariri, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, kalamu mdomoni. Hakusema nzuri wala mbaya. Akauliza, "Hii ni ya gredi gani?" Mtaala mpya ulikuwa unakuja na wao wanawaza kitabu kitapita vipi KICD, taasisi ya mitaala inayoidhinisha vitabu vya shule, kiingie madarasani. Akapiga mstari chini ya sentensi ya babake kijana, akasema, "Huyu mzee anahutubia sana, mpe mtoto msumeno." Kisha akaandika imeili yake nyuma ya katalogi, nitume sura tatu, sio zote, na nitaje umri wa msomaji juu kabisa.

Hotuba za yule mzee nilianza kuzikata kwenye basi, nikirudi nyumbani, kabla hata hatujafika Mtito Andei.