Uzoefu wangu: pareto ya nyumbani inayozuia fukusi wa maharage

Huku Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wengi huliita pareto kila ua jeupe lenye kitovu cha njano. Ndiyo maana wengine wanasaga magugu matupu, wanayamwaga kwenye maharage, na fukusi wakiendelea kutoboa wanasema pareto ni uongo. Pareto si uongo: unga wa maua yake makavu unaua wadudu. Ila ua liwe lenyewe, lichumwe kwa wakati wake na likaushwe mbali na jua kali.

Nianze na magugu. Yale marefu ya jamii ya Conyza, yanayojaa shamba likipumzishwa msimu mmoja, yana ndugu zao Ulaya waliosifiwa tangu zamani kwamba wanafukuza viroboto. Jina la Kilatini la ndugu mmojawapo, Pulicaria, linatokana na pulex, yaani kiroboto. Watu waliyachoma ndani ya nyumba, na moshi ulisaidia kiasi, kama unavyosaidia moshi wa jani lolote bichi. Unga wa Conyza ya huku niliutia kwenye chupa yenye fukusi hai: kesho yake walikuwa bado wanapanda ukuta wa chupa.

Kuyatofautisha si kazi ngumu. Conyza ina vichwa vidogo vingi kwenye shina moja, petali karibu hazionekani, na likikomaa linapeperusha manyoya meupe. Pareto ina ua moja juu ya kijiti kirefu chembamba, upana kama sentimita 3 hadi 4, na majani yaliyochanikachanika yenye rangi ya kijivu cha majivu, upande wa chini yana vinyweleo laini. Yale maua makubwa meupe ya kupamba ua wa nyumba yana majani ya kijani kibichi yasiyochanika hivyo. Hayo yaache yapambe.

Pareto asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo, na inataka baridi ya usiku ili ichanue. Kabale na Kisoro, karibu mita 1,900 kwenda juu, inafaa. Ukiipeleka Kampala itajaza majani tu. Mimi sipandi mbegu. Ni ndogo mno, zinaota kwa kusuasua na miche yake haifanani. Napasua shina la mama lenye afya, kila kipande kibaki na mizizi na machipukizi machache, nakipanda sentimita 30 kutoka mwenzake na 60 kati ya mistari, mistari ikikata mteremko. Maji yakituama mizizi inaoza, kwa hiyo sehemu ya chini ya tuta, ambako udongo mzito hujikusanya, naiachia viazi. Miezi mitatu au minne baadaye maua yanaanza.

Kuchuma ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Sumu, inayoitwa pairethrini, karibu yote iko ndani ya vijimbegu vilivyo chini ya kile kitovu cha njano. Petali zina kidogo sana, kijiti ndiyo kabisa. Tazama kitovu kwa karibu: kimejengwa kwa vijiua vidogo vilivyopangwa kwa duara, na vinafunguka kuanzia nje kuelekea katikati. Safu tatu au nne za nje zikishafunguka, na petali zimelala sawa kama sahani, chuma. Ukiwahi, vijimbegu havijajaa. Ukichelewa hadi petali zikunjike chini, nguvu imeanza kupungua na kichwa kinapukutika mkononi. Napitia shamba kila wiki mbili. Kichwa nakishika kati ya vidole viwili na kukivunja bila kijiti, maana kijiti kinaongeza uzito tu. Nasubiri umande ukauke kwanza. Maua mabichi yenye maji, yakishindiliwa kwenye kavera (mfuko wa plastiki) hata nusu siku, yanapata joto, yanakuwa meusi na kuvunda. Hayo hayafai tena.

Kikapu cha wazi, kisha moja kwa moja kwenye kichanja. Naanika safu moja tu, chini ya kivuli chenye upepo, nikigeuza mara mbili kwa siku. Jua kali linavunja ile sumu, na jiko la moto mkali linafanya vilevile. Msimu wa mvua nasogeza kichanja jikoni juu ya joto la mbali, mkono uweze kukaa pale bila kuungua. Yakikauka vizuri, ukilifinya ua kati ya kidole gumba na cha shahada linasambaratika na vijimbegu vinamwagika. Likibonyea kama sifongo, bado. Kilo 4 hadi 5 mbichi hutoa kilo moja kavu.

Nahifadhi maua mazima kwenye jerikeni kavu yenye kifuniko, gizani. Nasaga kile ninachohitaji wiki hiyo tu, kwa sababu unga unapoteza nguvu haraka kuliko ua zima. Kinu na mchi, kitambaa puani, kisha chekecheke laini kabisa. Chenga kubwa hazigandi kwenye mwili wa mdudu. Wapo watu ambao ngozi yao inawashwa na pareto. Hao wavae glavu au wamwachie mwingine.

Kabla ya kugusa gunia najaribu. Fukusi kumi hai kwenye chupa, unga wa ncha ya kijiko, tikisa. Ndani ya nusu saa wanapaswa kuanza kuyumba na kulala chali wakipiga miguu. Usishangilie hapo hapo. Wachungulie kesho asubuhi, kwani unga dhaifu huwaangusha tu halafu wengine wanaamka.

Sasa maharage yenyewe. Unga unaua mdudu anayeugusa, basi. Fukusi mchanga anaishi ndani ya punje, na unga haumfikii. Chukua punje ya gunia lililoshambuliwa, iweke kwenye mwanga: utaona kijidirisha cha mviringo, ngozi nyembamba ambayo mdudu ameibakiza ili aisukume siku ya kutoka. Kwa hiyo naanika maharage kwanza hadi punje ivunjike kwa mlio ukiing'ata, nachambua zilizotobolewa, ndipo natia unga: nusu kilo kwa gunia la kilo 100. Namwaga maharage kwenye turubai, nanyunyiza unga kidogo kidogo huku mwingine akigeuza kwa koleo, mpaka kila punje ionekane imepauka. Baada ya wiki nane narudia.

Kati ya hapo nalibiringisha gunia asubuhi na jioni. Bibi mmoja jirani aliliona hilo akacheka, "Mwanangu, gunia halitaki mazoezi!" Lakini kiwavi wa fukusi aliyetoka tu kwenye yai anahitaji kujiegemeza kwenye punje ya pili ili atoboe ya kwanza. Punje zikihama kila mara anachoka na kufa nje. Gunia lisiwe limejaa hadi shingoni, la sivyo punje hazisogei. Kabla ya kupika, maharage yanaoshwa vizuri.

Kwa vidukari wa kabichi nachanganya gramu 20 za unga na lita 10 za maji yenye sabuni kidogo, nachuja, napulizia jioni jua likishazama na nyuki wamerudi mzingani. Nyuki hawana kinga, na samaki pia wanakufa kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo ndoo haioshwi kwenye Ziwa Mutanda wala kwenye kijito kinachoingia humo. Kuhusu kunguni wa siku hizi sitaki kumwahidi mtu: wengi wamezoea dawa za dukani zilizotengenezwa kwa kuiga pareto, na hii yenyewe haiwashtui sana. Viroboto kwenye banda la mbuzi wanaondoka, ukinyunyiza sakafuni na kwenye nyufa baada ya kuzoa samadi, si juu yake.

Unga uliobaki zaidi ya mwezi siutii tena kwenye chakula cha akiba. Naumwaga kwenye viota vya kuku wanaoatamia, chini ya majani makavu, ambako hata nguvu iliyopungua bado inatosha kwa utitiri.