Baba alikataa kulala chali

Baba alianguka kutoka kwenye kigoda cha kutawadhia. Kigoda chenyewe hakifiki hata futi moja. Aliinama kuchukua kopo la maji, mguu mmoja wa kigoda ukazama kwenye udongo laini, akaenda kinyumenyume, mgongo ukagonga ukingo wa baraza. Mimi nilikuwa ndani. Nilisikia kishindo kidogo tu, nikadhani mtu ametua ndoo.

Nafanya kazi bandarini hapa Tanga, na kazini tumefundishwa huduma ya kwanza: aliyeumia mgongo alazwe chali juu ya kitu kigumu kilichonyooka, wala asitikiswe. Kwa hiyo nilijiona najua. Nikaita majirani, tukatafuta ubao, tukamlaza. Mzee huyu sijawahi kumsikia akilalamikia maumivu maishani mwangu, lakini siku hiyo alipiga ukelele. "Niinueni mwanangu, mgongo unafunguka!"

Nikamjibu, "Vumilia baba, ndivyo inavyotakiwa."

Hospitalini alipigwa eksirei. Tukaambiwa hakuna kilichovunjika, ni mifupa ya uzeeni, tukapewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Usiku wa kwanza hakulala. Wa pili tukamweka kwenye kochi, mito mbele yake, akasinzia ameegemea meza kama mwanafunzi aliyechoka. Kila tulipojaribu kumlaza kitandani alirudia neno lile lile: unafunguka. Dada yangu akaanza kusema labda mzee amedeka. Nami, kusema kweli, sikumkatalia.

Sasa kuna mambo ambayo tuliyaona miaka yote bila kuyapa uzito. Baba ana sukari kwa zaidi ya miaka 15. Ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama mlango. Mabega yamepinda kwenda mbele, na hata kabla ya kuanguka alilalia mito miwili kwa sababu kichwa hakikufika kwenye godoro. Sisi tuliita uzee. Hospitalini hakuna aliyetuuliza, nasi hatukusema.

Usiku wa nne alisema vidole vya miguu vina ganzi. Alfajiri akajaribu kusimama, miguu ikawa kama ya kuazima. Nilimrudisha hospitali nikiwa nimeshajiandaa kugombana. Safari hii tulimkuta daktari kijana, akamsalimia "Shikamoo mzee", kisha akasimama pembeni akimtazama tu alivyokaa. Swali lake la kwanza halikuwa la maumivu. Aliuliza, "Amepinda hivi tangu lini?"

Nikatoa simu. Nilikuwa na picha ya Idi, baba amesimama kwa upande anapokea sahani ya biriani, kofia imemkaa mshazari. Daktari aliikuza, akaitazama muda mrefu, akasema huo ndio mgongo wake halisi, na asilazwe kinyume na hapo hata kwa dakika moja. Akaandika siti skani, picha ya mashine inayoonyesha mifupa kwa undani kuliko eksirei, ya uti wa mgongo wote, kuanzia shingoni hadi nyonga. Nilipouliza kwa nini wote wakati maumivu yapo sehemu moja, alisema migongo ya aina hii huweza kuvunjika mahali pawili, na pa pili pakapuuzwa kwa sababu pa kwanza panauma zaidi.

Picha ilipotoka hata mimi niliona. Mbele ya pingili, yaani mifupa midogo inayojenga uti wa mgongo, kulikuwa na kitu kilichotiririka kutoka moja hadi nyingine, kama nta ya mshumaa uliowaka usiku kucha. Ni kano zilizogeuka mfupa. Ugonjwa huu huitwa DISH, kifupi cha jina lake refu la Kiingereza, na wengine huutaja kwa jina la Forestier, Mfaransa aliyeuandika na mwenzake mwaka 1950. Huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 50, na hufuatana sana na sukari na unene. Upo ugonjwa mwingine unaokakamaza mgongo, ankilosingi spondilaitisi, ambao huanza ujanani, lakini kwa watu wa kwetu huo ni nadra zaidi. Baba alipoelezwa habari za nta alisema, "Kumbe mimi ni mshumaa." Tulicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Ufa ulikuwa kati ya pingili ya 10 na ya 11 za kifua, umekata mgongo kutoka mbele hadi nyuma. Akiwa amekaa ameinama, ufa unajifunga. Ukimlaza chali kwenye ubao, unaachama kama mdomo. Ndiyo maana eksirei ya kwanza haikuona kitu cha maana, na ndiyo maana mzee alikuwa akituambia ukweli mtupu kwa siku nne. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemfunga kwenye ubao.

Rufaa ikaandikwa kwenda Dar es Salaam. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 300, na matuta yake anayeyajua anayajua. Mhudumu wa gari la wagonjwa alitaka kumnyoosha kwenye machela, ndivyo alivyofundishwa, sikumlaumu. Nilimwonyesha barua ya daktari, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ASINYOOSHWE, na ile picha ya Idi. Tukajaza mito mitatu na blanketi lililokunjwa chini ya kichwa na mabega mpaka akakaa kama kwenye picha. Kila baada ya muda nilimwambia atikise vidole vya miguu. Tulipofika Chalinze alinikemea: "Vidole vipo, niache nilale."

Kule Dar niliuliza swali ambalo ndugu wote walikuwa wakinipigia simu kuliuliza: kwa nini asifungwe mkanda tu, mzee huyu na upasuaji wapi na wapi? Daktari bingwa alichukua kalamu. Mgongo wa kawaida, alisema, ni mnyororo wa baiskeli, kila pingili inajongea kidogo na kubeba sehemu yake. Wa baba umeota kutu ukawa fimbo. Fimbo ikivunjika katikati, kila upande unavuta kama wenzo, na nguvu zote zinakutana pale penye ufa. Mkanda haushiki hapo. Na skrubu za jirani tu hazitoshi, kwa sababu mfupa wenyewe ni dhaifu na wenzo ni mrefu. Lazima washike pingili tatu juu ya ufa na tatu chini yake. Nilihesabu: skrubu 12 na vyuma viwili virefu. Baba aliviita nondo tangu siku ile.

Kuhusu bima sitasema mengi. Kitanda na chumba cha upasuaji havikuleta shida, vyuma vilileta. Ulizeni hilo siku ya kwanza kabisa, msisubiri siku ya upasuaji kama sisi.

Kilichonitisha zaidi ni dawa ya usingizi, hata kisu hakikunitisha hivyo. Shingo yake nayo haikunjuki, kwa hiyo mpira wa kupumulia uliingizwa kwa kamera nyembamba akiwa macho, koo limetiwa ganzi. Kisha wakamlaza kifudifudi juu ya mito iliyopangwa kufuata alivyopinda mgongo. Sukari ilisimamiwa kwa insulini. Ndugu wawili walichangia damu. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi baada ya Alasiri.

Nilidhani upasuaji ukiisha tumemaliza. Kumbe mapafu. Siku ya tatu homa ikapanda, nimonia, akarudishwa chini ya uangalizi maalumu. Mtaalamu wa viungo alinipa kazi: chupa ya maji iliyojazwa nusu, mrija ndani, mzee apulize mapovu kila saa. Aliona ni mchezo wa watoto, basi nikawa napuliza naye, tunashindana. Kumgeuza kila baada ya saa mbili tulifanya kwa zamu, mimi usiku, dada mchana. Dada alikuwa ameshaacha kusema mzee amedeka. Tulikaa wiki tatu.

Sasa ni miezi saba. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto unaburuta kidogo, anaswali kwenye kiti. Kigoda amekataa kukitupa, ila amekubali kutawadha kwenye benchi lenye egemeo.

Nimemtengenezea kadi ya plastiki, inakaa kwenye pochi pamoja na kadi ya bima. Upande mmoja imeandikwa: mgongo wangu umekakamaa, una vyuma, nikianguka msininyooshe. Upande wa pili ni ile picha ya Idi. Aliisoma, akaigeuza, akaitazama picha.

"Hukuona nyingine?" akaniuliza. "Kofia imekaa upande."