Tanuri langu la gesi lilianza kama boksi

Mchoro wangu wa kwanza wa tanuri la kufulia chuma ungetosha kubanika mbuzi mzima. Nilikuwa na mtungi mkuukuu wa gesi, kipenyo sentimita 30, urefu 45, nikapanga kuupa ndani tabaka moja tu la blanketi la nyuzi za kauri, sentimita 2.5. Nilipopiga hesabu ya nafasi inayobaki nikapata lita 22. Kichomeo cha venturi, yaani kinachovuta hewa chenyewe bila feni, cha bomba la robo tatu inchi, hutosha lita 5 au 6 hivi. Na mimi nilitaka kufua kulabu na patasi basi!

Nikaacha mchoro, nikachukua boksi, nikalikunja liwe bomba la kipenyo cha sentimita 15 na urefu wa 30. Lita 5.3. Nikaingiza nondo, nikaishika kwa koleo, nikaigeuza huku na huku bila kugusa ukuta. Kuanzia hapo nikapanga kwa kutoka ndani kwenda nje: sentimita 5 za blanketi pande zote, ganda likawa la sentimita 25.

Mtungi niliuweka kando. Hata ukiitwa mtupu haukosi mabaki ya gesi, na kuukata kwa mashine ya cheche ni kujitakia makubwa. Nikatafuta kipande cha bomba nene la chuma kisichopakwa zinki, maana zinki ikiungua moshi wake huleta homa.

Blanketi lenyewe lina visa vyake. Nyuzi zake zikipeperuka huingia mapafuni, hivyo nililikata nikiwa na barakoa ya vumbi laini, kisha nikalipaka saruji ya kuhimili moto mpaka hapakuonekana unyuzi hata mmoja. Sakafuni nikalaza tofali gumu la tanuri, kwa sababu boraksi ya kuungia vyuma hulitafuna blanketi.

Niliaibika kwenye regyuleta. Nilifunga ile ya jiko la nyumbani, nikapata moto wa njano, mlegevu kama wa mshumaa. Regyuleta hiyo hutoa presha ndogo, milibari 30 hivi, na venturi huvuta hewa kwa nguvu ya gesi inayochomoka kwa kasi. Nikatafuta ya presha kubwa, ya kurekebishika hadi bari 2. Moto sasa ukawa unakohoa: puf, puf, puf. Ncha ya gesi, niliyoitoa kwenye mashine ya kulehemu, tundu milimita 0.9, ilikuwa imeelekea upande kidogo. Nikainyoosha ikatazama katikati ya bomba, na kikohozi kikaisha.

Nawashia nje, chini ya paa lisilo na kuta. Tanuri hili hutoa monoksidi ya kaboni, na propani ikivuja hulala chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Karatasi inayowaka huingia kwanza, gesi hufuata.

Siku ya kwanza nondo ya milimita 12 iliiva mpaka rangi ya chungwa. Nikaisogezea sumaku iliyofungwa kwenye waya; haikushika, dalili kwamba chuma kimepata joto la kutosha. Nikakimbilia fuawe. Pigo la kwanza, magamba meusi yakaruka. La pili sawa. La tatu nikaikosa nondo, nikaligonga fuawe tupu, na nilipomaliza kujicheka chuma kilikuwa kimeshafifia. Kikarudi tanurini kabla sijakunja hata ncha.