György Ligeti na Mabaragumu ya Afrika ya Kati

Wengi waliousikia muziki wa György Ligeti waliusikia bila kulijua jina lake, kwa kuwa Stanley Kubrick aliutumia katika filamu yake ya mwaka 1968, *2001: A Space Odyssey*, pasipo kumwomba mtunzi ruhusa. Kwa maoni yangu, umaarufu huo ulimfungia katika sauti nzito, zisizo na mapigo ya wazi, za utungo wake wa okestra *Atmosphères* (1961), ilhali Ligeti anayenivutia zaidi ni yule wa miaka ishirini baadaye.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Transylvania, Romania, katika familia ya Kiyahudi yenye kuzungumza Kihungaria. Mwaka 1944 alichukuliwa kufanya kazi za shuruti, na baba yake pamoja na mdogo wake walifia katika kambi za Wanazi. Baada ya vita alisoma Budapest na, akifuata nyayo za Béla Bartók, mtunzi Mhungaria aliyekusanya nyimbo za vijijini, alichunguza nyimbo za wanavijiji wa Romania. Mnamo Desemba 1956, baada ya majeshi ya Kisovieti kuyazima mapinduzi ya Hungaria, alitorokea Austria.

Yaliyombadilisha uzeeni yalimfikia kwa njia ya santuri. Mwaka 1980 aligundua kazi za Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyeishi Mexico na kutoboa kwa mkono karatasi za kuendeshea piano za kujipiga zenyewe, zikicheza kasi mbalimbali kwa wakati mmoja. Mwaka 1982 mwanafunzi wake wa zamani, Roberto Sierra, alimletea muziki wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, uliorekodiwa na Simha Arom, mtafiti wa muziki wa jadi. Katika kundi lao la mabaragumu kila mpigaji ana nota moja tu, naye huitoa mahali pake hasa. Wimbo mzima huzaliwa pale nota hizo zinapofumana, wala hakuna mtu mmoja anayeupiga peke yake. (Inasikitisha kwamba katika simulizi hii majina ya wapigaji wenyewe hayatajwi.)

Ligeti hakuiga nyimbo hizo. Alichochukua ni namna ya kufikiri: badala ya kugawa kipimo kikubwa vipande vipande, kama alivyofundishwa Ulaya, alianza na pigo dogo la kasi, kisha akayakusanya mapigo hayo katika mafungu yasiyolingana. Katika *Désordre*, ya kwanza kati ya etyudi zake 18 za piano (tungo fupi za kujaribia ufundi wa mpigaji), mkono wa kulia hupiga vitufe vyeupe na wa kushoto vyeusi, na mapigo manane hugawanywa matatu kwa matano au matano kwa matatu. Mikono huanza pamoja, lakini kila baada ya muda mfupi wa kulia hupunguza pigo moja, hata mikazo ya mikono hiyo miwili ikaachana kabisa. Msikilizaji asiyeambiwa hatahisi Afrika humo hata kidogo, na ndiyo sababu naiona kuwa heshima kubwa kuliko kazi nyingi zilizopachikwa ngoma kwa ajili ya mapambo.